Siku Nilipompeleka Mama kwa Wachina

Nilikuwa nimefika umri wa kuwa na cherehani yangu na wateja wangu, na bado nilikuwa sijawahi kumwona mama akila sahani nzima akiwa amekaa. Nyumbani yeye anapakua, sisi tunakula. Kisha anasimama jikoni, mgongo umetugeukia, mwiko mkononi, na hapo ndipo anapokula: anakwangua sufuria. Ukimwita, "Mama, kuya ukae hapa," anajibu bila kugeuka, "Niko nakula huku, muniache." Ukienda kuchungulia, unakuta sufuria imekwisha na yeye ameanza kuisugua kwa mchanga.

Wamama wengi wa Kindu wanakula namna hiyo, najua. Lakini wa kwangu amezidi. Tangu baba afariki amezidi mara mbili, maana baba peke yake ndiye aliyeweza kumwambia, "Muke wangu, kaa," akakaa kidogo, upande mmoja wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Wachina wamefungua restora mjini, si mbali na mto, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa chakula. Nilifikiri: restora haina jiko la mama. Hakuna sufuria ya kukwangua. Hakuna watoto wa kupakulia. Atakaa, sahani italetwa mbele yake, na mimi nitamtazama akila mpaka mwisho. Hilo tu. Nilitaka kuliona kwa macho yangu, mara moja.

Na ilikuwa lazima iwe kwa Wachina, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kabla ya vita alitoka safari ya Lubumbashi na kalendari kubwa aliyopewa kwenye duka la Wachina, akaitundika sebuleni. Mwaka wake ulikwisha, ukaja mwingine, kalendari haikutolewa, maana picha yake ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho. Ilionyesha meza ya duara, na juu ya meza vyakula ambavyo sikuweza kuvihesabu: samaki mzima na kichwa chake, kuku mwekundu anayeng'aa kama amepakwa mafuta ya nywele, bakuli za wali zinazotoa moshi. Pembeni walikaa watu wa nyumba moja, wakubwa kwa watoto, na katikati yao mama mmoja anacheka. Amekaa.

Kisha vita ikatukuta. Nilikuwa mtoto wa kupoteza meno ya mbele. Baba alikuwa ameondoka na treni kwenda upande wa Kabalo, reli ikakatwa nyuma yake, akabaki huko mpaka vita ilipokwisha. Sisi tukabaki Kindu, mama na mimi na wadogo zangu wawili, na mji ukazungukwa. Ukitoka kwenda shambani njia ya Kailo, hujui utakutana na bunduki ya nani. Watu waliacha mashamba yao ya mpunga yakaliwa na ndege. Mtu alikula majani ya muhogo yaliyokuwa nyuma ya nyumba yake, yakiisha anaomba ya jirani. Sombe asubuhi, sombe jioni. Mawese yalipatikana kwa shida. Lakini kitu kilichopotea kabisa kilikuwa chumvi. Chumvi ilikuja kwa ndege tu, na bei yake ilikuwa ya watu wengine, si yetu.

Mama alikuwa na kopo moja la maziwa, dogo, ndani yake chumvi ya kufunika chini tu. Alilificha juu, kwenye boriti. Wakati wa kula alitupakulia sombe kwenye sahani moja, sisi watatu tukaizunguka, kisha akapanda kwenye kinu kilichopinduliwa, akashusha kopo, akachota kwa vidole vitatu na kuturushia. Halafu, na hili nalikumbuka kama lilitokea leo, alivisugua vile vidole juu ya sahani yetu, taratibu, taratibu, mpaka hakuna punje iliyobaki. Hakuvilamba. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anafungua mdomo chini ya mkono wake kama kinda la ndege, na mama anamwambia, "Funga, nzi wataingia."

Nami nilikula nikiitazama kalendari. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana, na bado niko hivyo. Wateja wangu wanalalamika kwamba naweza kushona mkono wa blauzi mahali pa shingo kwa sababu ya mawazo. Siku moja nikasema, mdomo umejaa sombe, "Mama, nikikuwa mukubwa nitakupeleka kula kwa Wachina. Kule chumvi haiishi."

Wadogo zangu walicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza kwa heshima, kama anaongea na mkubwa mwenzake, "Nitavaa nini?"

"Nitakushonea," nikasema. Nilikuwa sijawahi kushika sindano.

Basi restora ilipofunguliwa, nilimshonea. Vazi la kikwembe cha maua ya njano, mikono mifupi, kiuno kimebana kidogo, akakataa kiuno, nikakilegeza. Jumapili baada ya misa tulirudi nyumbani tukabadilisha viatu tu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Njiani kila aliyetusalimu nilimwambia tunapokwenda, hata asiyeuliza.

Kabla ya kutoka, mlangoni, niliona mkoba wake umevimba.

"Mama, mukobani iko nini?"

"Iko leso."

"Leso inatoa joto?"

Nilifungua mkoba nikakuta bugali, imefungwa vizuri ndani ya jani la ndizi, bado moto. Aliipika saa ngapi sijui; labda kabla ya misa alikoroga, akaifunika kwa blanketi.

"Ni ya akiba tu," akasema. "Pengine kule hawana bugali."

"Mama! Hawana bugali, njo maana tunaenda kule!"

Niliirudisha jikoni mwenyewe. Leo nikikumbuka namna nilivyoitoa mkobani kwa ushujaa, nataka kujificha chini ya cherehani.

Restora ilikuwa nyumba ya zamani iliyopakwa rangi upya. Taa za karatasi nyekundu zimening'inia barazani, na ndani kuna paka wa plastiki wa rangi ya dhahabu anayepunga mkono bila kuchoka. Mama alimpungia pia. Meza zilikuwa za duara! Nilimbana mkono mama. "Umeona? Ni ya duara." Akasema, "Nimeona," akanyoosha kikwembe chake, akakaa. Akakaa vizuri, mgongo umegusa kiti. Nikasema moyoni, tayari nusu ya kazi imekwisha.

Aliyetuhudumia alikuwa msichana wa avenyu yetu, zamani aliuza maandazi ya beignets asubuhi. Alivaa kizibao chekundu kilichomzidi mabega. Jicho langu la ushonaji liliteseka. Alituletea kitabu cha vyakula, kina picha, na picha zilifanana na ile ya kalendari yetu.

"Tuletee huyu samaki," nikasema.

"Yaya," akaniita kama dada yake mkubwa, "samaki huyo haiko."

"Huyu mwingine?"

"Huyu iko. Lakini leo haiko."

Mama aligeuza shingo kutazama dirishani. Kutoka pale ungeweza kuona mto Lualaba, na mitumbwi ya wavuvi imevutwa ukingoni.

"Na kuku huyu mwekundu?"

"Mashine ya kumuchoma imekufa. Iko kuku ya kukata, na majani, na wali."

"Wali ya wapi?" mama akauliza.

"Ya mufuko, mama. Inatoka ng'ambo."

"Sisi tunalima mupunga Kailo yote," mama akamwambia, bila hasira, kama anayemjulisha jambo, "na kwenye sahani ya Kindu munaweka ya mufuko?"

Msichana alicheka akificha mdomo. "Mama, mimi naleta tu."

Chakula kilikuja. Sahani mbili nyeupe, kubwa, na katikati ya kila moja kilima kidogo cha wali, kuku pembeni, majani ya kijani yasiyoiva, yanayolia chini ya meno. Nilitazama upande mwingine wa sahani nikadhani bado wanaleta. Hawakuleta.

Mama aligeuza vipande vya kuku kwa uma, kimoja kimoja. Vilikuwa vidogo kama ncha ya kidole gumba, vyote sawa. Alikuwa anatafuta paja.

"Kuku hii," akaninong'oneza, "iligongwa na kamyo?"

"Mama, shii!"

"Nauliza tu. Sioni paja, sioni bawa. Ilikuwa inatembea na nini?"

Tulicheka, na nilidhani kicheko kile kitatubeba. Lakini alipoanza kuhamisha vipande vyake kuja kwangu, nilimshika mkono. "Hapana. Leo weye njo unakula. Mimi nakuangalia."

Akala. Nilihesabu kila tonge ndani ya moyo wangu. Alitafuna taratibu, macho yako kwa yule paka, kisha akasema, "Iko vizuri," kwa sauti ile anayotumia kanisani kwaya ikiimba vibaya. Nikaonja changu. Kilikuwa kama chakula cha mgonjwa. Hakikuwa na chumvi hata ya kudanganya.

Nilihisi machozi yanakuja, kwa kweli. Miaka yote ile ya kuota, na nimemletea mama yangu wali wa mufuko na kuku wa ajali, bila chumvi. Na hapo nikaona kwenye meza chupa ndogo ya sosi nyeusi. Nilikuwa nimewaona watu wa meza nyingine wakiimimina. Nikaidaka kama mtu anayezama. "Mama, ngoja! Tumesahau. Hii njo siri yao." Nikamimina juu ya wali wake, juu ya kuku, juu ya majani, nikamimina bila kipimo mpaka kile kilima cheupe kikawa cheusi na maji meusi yakazunguka sahani.

Akachota, akaweka mdomoni.

Hakutafuna. Alitulia, uma uko hewani. Kisha akameza kwa nguvu, akachukua pembe ya kikwembe chake kipya, akajipangusa ulimi. Nilifikiri amekula kitu kibovu.

"Mama?"

"Hii," akasema, akisukuma sahani kidogo, "hii njo maji ya majivu."

"Majivu gani?"

"Ya vita. Ile uliyokuwa unaniletea maganda."

Nililijua jambo la maganda. Wakati wa vita hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa majivuno makubwa: kuokota maganda ya ndizi nyuma ya nyumba za watu, kuyaanika mpaka yakauke, kuyaleta kwa mama. Yeye aliyachoma, akaweka majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu, na chini ya kopo yakadondoka maji ya rangi ya kahawia, meusi karibu. Aliyachemsha yapungue, akayaweka kwenye chupa. Tuliambiwa tusiguse.

"Lakini ile ilikuwa ya sabuni," nikasema.

Mama alinitazama, halafu akacheka, kicheko cha puani.

"Sabuni! Na mafuta ya sabuni ningetoa wapi, mutoto wangu? Mawese hata ya kula ilikuwa ngumu."

"Ulituambia ni ya sabuni."

"Ningewaambia nini? Mungetaka kuonja."

"Sasa ilikuwa ya nini?"

"Ya kuweka kwenye sombe. Chumvi ya masikini. Inawasha ulimi, inachoma koo, lakini chakula inashuka."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na uhakika, nilitaka hata kubishana. "Mama, sombe yetu ilikuwa na chumvi. Chumvi nyeupe. Nakumbuka kopo, nakumbuka boriti, nakumbuka vidole vyako."

"Yenu, ndiyo," akasema.

Paka wa dhahabu aliendelea kupunga. Nilisikia jikoni mafuta yanalia kwenye karai. Na mbele yangu ile sebule ya zamani ikarudi yote, lakini mara hii sikuitazama kalendari. Nilitazama upande wa pili, mahali ambapo sikuwahi kutazama wakati ule: mama akiwa amesimama jikoni, ametugeuzia mgongo, sufuria mkononi, na chupa pembeni yake.

"Ndiyo maana ulikuwa unakula umesimama?"

Alifikiri. Sijui kama alishawahi kuulizwa.

"Pengine ilianzia hapo," akasema. "Sikutaka muone sura yangu ile maji ikipita. Mungesema na ninyi munataka, ao mungeogopa. Kisha vita ikaisha, chumvi ikarudi, lakini mwili ulikuwa umeshazoea." Akainua mabega. "Kukaa inanipa shida. Naona kama iko kitu nimesahau kwenye moto."

Nilitazama ile sahani nyeusi niliyomtengenezea kwa mkono wangu.

Mpishi alitoka jikoni. Alikuwa mama wa Kichina wa makamo, mfupi, uso umejaa jasho, aproni imelowa. Labda aliona sahani iliyosukumwa. Akasema jambo kwa Kichina, kwa sauti ndogo, na msichana wa avenyu yetu, ambaye sijui alikijifunzia wapi hicho kidogo anachokijua, akatafsiri:

"Anauliza kama chakula ni mubaya."

"Mwambie chakula iko vizuri," mama akasema haraka, akanyooka kwenye kiti. "Mwambie aksanti sana. Aniletee chumvi tu."

Wakazungumza wao kwa wao.

"Anasema sosi njo chumvi."

"Najua sosi njo chumvi," mama akasema kwa upole. "Mwambie nataka ile nyeupe."

Yule mama alimtazama mama yangu, akatazama sahani, akaingia jikoni. Alirudi na kisahani, chumvi imejaa kama mchanga, akakiweka mbele ya mama kwa mikono miwili. Mama naye alikipokea kwa mikono miwili. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini walisalimiana vizuri kwa vichwa.

Nilibadilisha sahani. Sahani yangu, ambayo sosi haikuigusa, nikamsogezea yeye; ile nyeusi nikaivuta kwangu. Alitaka kukataa. "Hii imeharibika, acha, tutaiacha."

"Nitakula mimi."

"Hutaweza."

"Weye uliweza."

Akachota chumvi kwa vidole vitatu. Mkono wake ukainuka, ukapita juu ya sahani yake mwenyewe bila kusimama, ukavuka meza, ukaja kwangu. Akaninyunyizia. Akavisugua vidole vyake juu ya sahani yangu, taratibu, taratibu, mpaka hakuna punje iliyobaki.

"Mama!" nikasema. "Hapa chumvi iko ya kumwaga!"

Akatazama mkono wake kama si wake. Na hapo tulicheka kwa kweli, tukacheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka, mama akishika kifua, mimi machozi yananitoka na sijui ni ya kicheko ama ni ya yale mengine. Kisha nikavuta kisahani, nikachota kwa vidole vitatu kama nilivyomwona akifanya, nikamnyunyizia yeye. Nikavisugua vidole. Alikaa, mikono juu ya mapaja, ananitazama nikifanya, na kwa muda ule mfupi alikuwa na uso wa mtoto anayepakuliwa.

"Kula," nikasema.

Alikula. Wali wa mufuko, kuku wa ajali, majani mabichi, alikula vyote akiwa amekaa, mgongo umegusa kiti, na alipomaliza aliufuta mchuzi wa mwisho kwa kidole. Mimi nilikula sahani nyeusi. Sitasema nilifurahia. Ilichoma koo, ilikausha mdomo, na chumvi nyeupe juu yake ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Lakini niliimaliza. Kila tonge nilipomeza nilijikuta nataka kugeuza uso ili asinione, na kila mara nilijizuia.

"Maji," akaniambia mwisho, akinisogezea glasi yake. "Kunywa. Usijifanye mwanamume."

Tulipofika nyumbani alivua kikwembe kipya, akaiangalia pembe aliyojipangusia ulimi, ilikuwa na alama ya kahawia. "Itatoka," akasema. Akavaa cha zamani, akaenda jikoni. Nilisikia jani la ndizi likifunguliwa.

"Bado iko na joto kidogo!" akaita. "Ningeibeba, tungeshiba!"

Nilidhani baada ya siku ile atakaa. Nilikuwa nimeshaota jambo lote: kiti chake, sahani yake, mimi nikipakua. Lakini nilipoingia nilimkuta vilevile, amesimama, mgongo kwa mlango, sufuria ya sombe ya jana mkononi, anakata bugali na kuchovya. Nilitaka kusema, "Mama, kuya ukae." Maneno yalifika mdomoni nikayaacha hapo.

Nilinawa mikono. Nikaenda nikasimama pembeni yake, bega kwa bega, tukaangalia ukuta pamoja. Alisogeza sufuria ikawa katikati yetu.

"Onja," akasema. "Iko na chumvi?"

Nikaonja. "Iko," nikasema.

Akakata bugali, akanipa kipande, na yeye akachukua chake.